Kipande Nilichokichagua Mimi

Sakina binti yangu,

Barua za safari watu huzisoma njiani, basi likishaondoka na machozi yameshakauka. Hii usiifanye hivyo. Isome leo, humu ndani, mlango ukiwa umefungwa. Kesho saa moja asubuhi, kabla ya dua, mama yako amepanga jambo sebuleni, nami sitaki likukute hujui.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha babu yako, kile alichotoka nacho Kasongo akatufundisha kwa fimbo. Kiswahili chetu cha hapa Lubumbashi nimekizoea mno, najua kona zake zote za kujificha. Katika hiki cha babu nalazimika kulitafuta kila neno, na pengine ndivyo nitakavyosema kweli.

Sasa ni saa tisa alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda Katuba kuwaaga dada zake. Habari za pasipoti, kadi ya chanjo na mahali pa kuficha simu pale mpakani Kasumbalesa amekwisha kukueleza, sizirudii. Nina saa mbili hivi kabla hamjarudi, na nimeshapoteza nusu saa nikikata kucha.

Nataka kukuandikia juu ya kompyuta yako. Ile ya michezo.

Ulikuwa na miaka kumi na saba, na ulianza na daftari. Kushoto uliandika jina la kipande, kulia ukaandika kwa nini. Nilikuwa nalisoma ukiwa shuleni, na hilo sijawahi kukwambia. Kwenye kadi ya picha uliandika: "Hii njo inabeba kazi yote ya mchezo, tusiifanyie ubahili." Kwenye prosesa: "Ya katikati inatosha. Ile kubwa itakaa bure inangojea kadi." Kwenye sanduku: "Ya wavu mbele. Ya vioo iko muzuri kwa macho, lakini vumbi ya mwezi wa nane itaijaza." Nilicheka niliposoma, maana ulichagua vipande kama mama yako anavyochagua vikwembe, vile vitenge vyake vya kuuza sokoni, akikunja ncha na kuivuta, haamini rangi.

Kisha nikaacha kucheka. Unamkumbuka yule injinia wa kule mjini aliyekuwa anahama, akawa anauza kadi yake ya picha? Alikwambia ni nzima. Ukamjibu kwa adabu, "Papa, tuiwashe kwanza." Ukakaa mbele ya mashine yake saa nzima, ukitazama joto linavyopanda, sikio karibu na feni. Yule bwana akanitazama kama anayeniomba nikuondoe. Mimi niliona haya. Lakini tuliporudi, umeipakata ile kadi mapajani, haya zikageuka fahari, na fahari ile ndiyo iliyoniharibu.

Nilianza kutangaza. Msikitini, kwenye karakana, kwa jirani: "Mutoto wangu anaunda ordinateri." Na kila mara niliongeza, "Mi njo ninamuonyesha." Haikuwa kweli. Ulikuwa huniulizi kitu. Mimi, fundi wa kubobina moteri, wa kuzisuka upya nyaya zake, niliyeitwa mpaka Lukafu na Kasomeno kufufua mashine za kusaga, nilikuwa nasimama mlangoni pa chumba chako kama mgeni.

Kikabaki kipande kimoja, alimantasyo. Ndiyo inayopokea umeme wa ukutani na kuvigawia vipande vingine vyote. Nikasema, hii ni ya umeme, hii ni yangu.

Dukani kwa Kambale zilikuwepo mbili. Moja nzito, ya kuonyesha tu, kwa sababu mtu alikuwa ameshaiagiza. Ya kwako ingefika baada ya wiki mbili. Ya pili ilikuwepo, tayari, na ubavuni imeandikwa wati nyingi kuliko ile nzito. Uliipima mkononi.

"Baba, hii iko mwepesi sana."

"Wati yake haukuona?"

"Wati bameandika tu kwa karatasi. Ya kweli inakuwaka na buzito, sababu ndani muko bintu ya kuilinda. Tungojee ile ingine."

Kambale, Mungu amlipe mema, alikuwa mkweli siku ile. Alisema, "Baba Sakina, hii mi sijue ndani yake. Mutoto anasema kweli. Wiki mbili haiko mingi."

Lakini wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yetu wakisikiliza, na mmoja wao alinifahamu. Tena Jumapili ile baba yako mdogo Saidi alikuwa anakuja kutoka Likasi, nami nilikuwa nimemwahidi kwamba ataikuta mashine inawaka.

"Miaka makumi tatu niko nashika courant ya umeme," nikakwambia, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Weye unanifundisha?"

Uliinamisha macho. Ukasema, "Pardon, baba." Ukaiweka ile nyepesi juu ya meza ya Kambale, taratibu, nami nikaichukua.

Mara nyingi nimeirudia dakika ile. Heshima uliyonipa ilikuwa kubwa kuliko niliyostahili, na ilikuumiza. Huko uendako utakutana na wanaume wa umri wangu wenye funguo mfukoni na miaka makumi tatu mdomoni. Ukiona kitu ni chepesi, sema. Ukinyamazishwa, sema mara ya pili. Mimi pengine ningekasirika zaidi. Pengine ningekuacha dukani na kurudi peke yangu. Lakini ungekuwa umesema.

Jumapili mashine ikawaka. Saidi alipiga makofi. Kwenye skrini yalikuwa magari yanashindana kwenye mvua, na matone yalionekana kwenye kioo cha gari kama ya kweli. Nilijiona nimekushinda, Sakina. Naandika neno hilo jinsi lilivyo: nilifurahi kwamba mwanangu alikosea.

Siku ya nne au ya tano ulinijia jikoni. "Baba, sanduku inauma kidogo kwa vidole." Nilijua maana yake. Nyumba hii haikuwa na waya wa ardhi, ule unaoupeleka chini umeme uliopotea njia kabla haujamfikia mtu. Mama yako alikuwa akilalamika tangu zamani kwamba friji inamuuma akiishika na mikono ya maji. Kwenye nyumba za wengine nimefukia vyuma vya shaba, nikawaeleza na sababu, nikapewa chai. Ya kwangu nilisema wiki ijayo, miaka sita. Nawe nikakujibu, "Iko kawaida. Vaa kandambili."

Siku ile ya mvua sitaisimulia yote. Uliiishi. Lakini kuna sehemu usiyoijua, kwa hiyo vumilia nifike.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ndiyo maana nilikuwa nyumbani. Maji yalikuwa yameingia chini ya mlango, ukawa unayakausha sakafuni, miguu mitupu. Mchana umeme ukarudi, ukaenda, kisha ukarudi kwa nguvu. Taa ya sebuleni iliwaka nyeupe ikapasuka. Nilikusikia ukikimbilia mashine yako kuizima. Nikasikia mlio, kama mtu amepasua ubao. Nikaja mlangoni.

Ulikuwa umesimama. Macho wazi, meno yamekazana, mkono umeng'ang'ania chuma cha sanduku. Moshi unatoka nyuma. Hukupiga kelele, maana umeme haukukuachia hata pumzi.

Sehemu usiyoijua ndiyo hii: sikukimbia. Nilisimama. Mikono yangu ilijua la kufanya, imewafundisha wanagenzi wangapi: usimguse mtu, kata umeme. Lakini nilisimama kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. Kabla ya kukuokoa nilielewa kwamba ni ile alimantasyo, na ni ule waya wa ardhi, na kwamba yote mawili ni mimi. Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Ndipo nikaushika waya kwenye mpira wake nikaung'oa ukutani, nawe ukaanguka.

Kwenye zahanati walikufunga kiganja, wakakusikiliza moyo, wakasema turudi nyumbani tushukuru. Nilikulaza kwenye kitanda chetu. Jirani akaenda sokoni kumwita mama yako. Na mimi, badala ya kukaa karibu nawe, nilikwenda jikoni na bisibisi. Niliifungua ile alimantasyo. Mahali pa vile vitu vya kuilinda palikuwa na matundu tu, hapajawahi kuchomelewa kitu. Na waya wa moto ulikuwa umebanwa na kifuniko mpaka mpira wake umekatika, shaba inagusa chuma. Ulisema kweli, neno kwa neno. Niliifunga ndani ya mfuko, nikaitupa chooni. Nilisikia ikifika chini.

Mama yako akaingia na viatu vya matope.

"Nini ilimufikia mutoto?"

Nikamwambia, "Alitia mukono mule ndani, na courant ilikuwa ndani. Nilimukatazaka. Haasikie."

Akageuka kwako. "Sakina. Baba yako alikukatazaka?"

Ulinitazama. Ulikuwa na homa, midomo imekauka. Ulinitazama muda mrefu, Sakina, nami nikatazama ukuta.

"Ndiyo, mama."

Mengine unayajua kwa sababu uliyalipa wewe. Vipande vyote vilikuwa vimekufa isipokuwa kadi ya picha, na mama yako akakuamuru umpe rafiki yako Gloria mara tu uliponyanyuka kitandani, mbele yake. Kila Jumamosi ukawa unakwenda kwao kumtazama akicheza. Shule ya elektroniki uliyokuwa umekwisha kuandikishwa akaifuta, akakupeleka kwenye ushonaji. Miaka miwili ulipima mabega ya watu. Mashangazi wakikuona wanasema, "Ule wa kutia mukono mu courant," na wanacheka, nawe unacheka nao. Mimi nilicheka pia.

Kesho yake nilichimba nikafukia chuma cha shaba nyuma ya nyumba. Mama yako akanishukuru. Nadhani hapo ndipo nilipopotea kabisa. Maneno niliyosema kando ya kitanda yalikuwa ya woga, na mtu mwenye woga unaweza kumsamehe. Lakini shukrani ile niliipokea nikiwa nimetulia, nimeshanawa mikono, nikala bukari.

Nitakwambia na ya Kasomeno, kwa sababu haikuwa mara ya kwanza. Ulikuwa hujazaliwa. Mama mmoja mfanyabiashara alikuwa na mashine ya kusaga iliyokuwa ikiendeshwa na jenereta, nami nilikuwa nimeibobina moteri yake. Niliporudisha nyaya nilizipishanisha mbili, moteri ikazunguka kinyumenyume, mahindi yakarukia watu na chekeche likapasuka. Aliponiuliza nikasema bila kufikiri, "Kuna muntu aliguza hizi nyaya nyuma ya mimi kumaliza." Mtu pekee aliyekuwa akikaa na mashine ile alikuwa mzee mmoja, Mzee Chola. Alinitazama, naye hakujitetea. Mimi nilikuwa fundi kutoka Lubumbashi, yeye alikuwa mzee wa kufagia unga. Akafukuzwa kazi jioni hiyohiyo. Baada ya miaka mitatu nilirudi Kasomeno nimejiandaa kusema. Wakaniambia alishavuka mto Luapula, kwa watoto wake, hawajui kijiji gani. Nilisikitika, lakini moyoni nilipumua. Nikajiambia, basi, imekwisha yenyewe.

Haikuisha. Ilinifundisha kwamba ukingoja vya kutosha, mtu uliyemkosea huondoka. Na kesho wewe unaondoka.

Mama yako amekubali uende kwa shangazi yako Dar es Salaam ukasomee kompyuta, baada ya wewe kumwomba miaka miwili. Lakini amekubali kwa sharti. Kesho, mbele ya wajomba, mashangazi na shekhe, utashika mkono wake uape kwamba hutafungua mashine yoyote maisha yako. Utajifunza kuandika barua na hesabu za ofisi, basi. Jana nilikusikia ukimwambia, "Sawa, mama, nitaapa." Wewe ukiapa huvunji, nakujua. Sikulala. Kiapo kile kitakuwa kimejengwa juu ya sentensi yangu moja, na utakibeba mpaka uzeeni, na mimi nitakuwa nimesimama pale nikisema amina.

Nasikia lango. Mmerudi.

*

Naendelea. Ni baada ya isha.

Nilimwita mama yako uani, ukiwa unapanga begi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikasema machache tu: "Mama Sakina, ile siku ya courant, mutoto hakutia mukono ndani. Mi njo nilinunua kintu kibaya. Yeye alinikataza. Na waya ya terre, ya ardhi, haikuwamo."

Alikuwa anaanua nguo. Hakuacha kuanua. Akaniuliza, "Na yeye alisema ndiyo sababu ya nini?"

"Sababu yangu."

Hapo akaacha. Alikaa juu ya ndoo, kikwembe kimoja mkononi. Kisha akanitukana. Siandiki yote. Aliyosema ambayo lazima uyajue ni haya: "Miaka mbili niko namufungia mutoto wangu njia juu ya uongo yako. Mi mama yake! Ulinitia mikono yangu mu zambi yako, na ukanyamaza, na ukanitazama!"

Nilimwomba jambo moja, asikwambie yeye, aniachie niseme mwenyewe. Akasema, "Utasema. Lakini hautasema mu chumba na mulango ya kufunga." Kwa hiyo kama jioni hii amekuingilia, akakuvuta kichwa kifuani, akatoka bila neno, usidhani ni safari tu.

Kesho hakuna kiapo cha mtoto, hilo amelifuta. Badala yake nitasimama mimi. Shekhe ameshaambiwa asubiri na dua yake. Saidi ameshafika kutoka Likasi, anauliza kuna nini, nami nimemwambia atasikia pamoja na wengine. Mashangazi watakuwepo, wale waliokucheka. Na Kambale nimempigia simu aje, kwa sababu mwaka jana mtu aliniuliza kama duka lake linafaa nikanyanyua mabega, nikamwacha aelewe anavyotaka.

Sijui mama yako atanisamehe lini. Wewe sikuombi kitu usiku huu. Ukiniomba nafasi ya kukasirika, hiyo ni haki yako, uende nayo mpaka Dar es Salaam na ukae nayo unavyotaka. Nipigie simu ukiwa tayari, au usinipigie. Huko, ukipewa bisibisi, fungua.

Lakini kesho nataka kitu kimoja. Mimi si msemaji, unanijua; katikati ya watu maneno yatanipotea, nitaanza kukohoa, nitakutafuta kwa macho. Utakuwa umesimama karibu na mama yako, na utanihurumia, kwa sababu ndivyo ulivyo.

Nikikwama, Sakina, usinisaidie.

Baba yako,
Yusufu